Tumerudi kutoka utume Ujerumani baada ya miaka 6, binti yangu hataki kuongea. Msaada jamani

mama_wa_watatu:

Habarini wadau. Naandika saa saba usiku, umeme ndo umerudi sasa hivi na mchungaji kalala, kwa hiyo mtanisamehe maneno yakirukaruka.

Mume wangu ni mchungaji wa Kilutheri. Mwaka 2018 kanisa lilimtuma Ujerumani kwenye ule utaratibu wa kubadilishana watumishi, yaani zamani walikuja wao kwetu na siku hizi na sisi tunaenda kwao. Tuliondoka na watoto wawili, binti wa miaka 7 na mdogo wake wa miaka 4, tukarudi na watatu Julai mwaka huu 2024. Kabla ya kwenda tuliandaliwa haswa, kozi ya Kijerumani miezi na miezi, semina ya mila zao, tukafundishwa hadi kwamba ukialikwa kahawa saa tisa basi ufike saa tisa. Siku ya kuagwa wachungaji kibao wametuwekea mikono. Kurudi sasa! Tukapokelewa KIA na maua, Jumapili tukasimamishwa mbele watu wakapiga vigelegele, wiki ya sita mume kapangiwa usharika huku tambarare, basi, hakuna aliyetuuliza kitu tena.

Yule mkubwa ana miaka 13. Kule alikuwa darasa la saba la Gymnasium, yaani sekondari yao ya wanaofanya vizuri, na alikuwa vizuri sana. Nikampeleka shule ya hapa jirani na ripoti zake. Mwalimu mkuu akaishika ile karatasi, akasogea nayo dirishani, akawa anafuata kwa kidole. Hisabati 1. Biolojia 2. Muziki 1. Kijerumani 2. Akavua miwani akaniuliza kwa upole, mama mchungaji, huyu mtoto alikuwa anaumwa? Kwao 1 ndo ya juu kabisa na 6 ndo kufeli, nikamweleza, akacheka, lakini niliona kabisa hajaniamini. Akamweka darasa la sita "azoee kwanza". Mtihani wa Kiswahili akapata 14 kwa mia, methali hajui hata moja, ngeli ndo usiseme. Halafu r anaitamkia kooni kama wenyewe, wenzake wakaanza kumuigiza, jina likawa Mjerumani. Sasa ni wiki ya tatu haongei na mtu zaidi ya "ndiyo" na "hapana". Usiku namsikia anaongea Kijerumani na mdogo wake ndani ya neti.

Huyo mdogo wake naye ana vituko vyake. Kule chupa ya plastiki ukiirudisha dukani kuna mashine inakupa senti 25. Siku ya kwanza tunashuka stendi Moshi akaona chupa za maji zimezagaa chini, jamani mtoto alichanganyikiwa, akaanza kuokota huku anahesabu yuro, baba, watu wametupa hela! Leo nina gunia zima nyuma ya jiko, hataki niguse, anasubiri mashine.

Wifi yangu ameshasema wanangu hawana adabu. Shikamoo inatoka kwa kusukumwa, baba yao mdogo wanamwita kwa jina maana kule hata jirani mtu mzima wanamwita jina lake na hakuna anayekasirika. Mume naye mambo yake. Anaanza ibada saa moja kamili kanisani yuko yeye na mwinjilisti na kunguru. Mahubiri dakika kumi na tano amemaliza, wazee wanasema Wazungu wamempunguza. Na kikao cha kwanza tu cha baraza la wazee wakampa karatasi: mabati, kinanda, spika nne, na kisima. Wanasema tumepata mchungaji wa Ulaya sasa ujenzi wa kanisa utaisha. Jamani kule tulikuwa tunaishi kwa mshahara, kodi na hita vinakula kila kitu, mimi nilikuwa nasaidia kuogesha wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee ili mambo yaende. Kila mwezi tulikatwa na pensheni juu, mume anasema hizo hela tusahau.

Na mimi nikiri tu. Juzi baada ya ibada mnada wa ndizi umechangamka, watu wanacheka, wanapandishiana bei mkungu mmoja, nami nimesimama pale nikajikuta nakumbuka kanisa lile la watu thelathini, vizee vitupu, kimya. Nilikuwa nalilalamikia kila Jumapili. Nikajiona mnafiki.

Kuna aliyepitia haya? Binti nimfanyeje, nimhamishe shule au nisubiri, na mume akaombe likizo au ataonekana anadeka?

Kisu_Kikali:

Mnadekeza. Mtoto wa Kichaga asiyejua shikamoo anafundishwa wiki moja tu. Watu hawajala wewe unalilia Ulaya.

Mwana_wa_Pangani:

Kisu usianze mambo yako hapa.

Dada mimi nimekusoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikasirika nakwambia ukweli, maana mimi nilirudi kutoka Muscat baada ya miaka mitano ya kazi za ndani, hakuna aliyenipokea na maua, nilipanda daladala na begi langu. Mara ya pili nikafika hapo kwenye vizee nikaacha kukasirika. Mimi nilimlea mtoto wa bosi tangu ana siku arobaini. Nimemwacha ana miaka minne analia mlangoni. Nilipofika nyumbani kila mtu anauliza dhahabu, ningemwambia nani kwamba nimemkumbuka mtoto wa watu? Na wanangu mwenyewe walikuwa wananiita shangazi.

Kuhusu ndugu nakupa dawa moja tu. Wapangie siku, wapikie, waambie hesabu yote wazi, tulilipwa kiasi hiki, kodi kiasi hiki, kimebaki hiki. Taja tarakimu. Mimi nilichelewa kufanya hivyo mwaka mzima na nikaishia kukopa ili nionekane nimetoka Oman.

Teacha_wa_Hesabu:

Mama mchungaji pole. Hilo la alama limenichekesha na kuniuma. Ripoti zote zipeleke kwa mfasiri anayetambulika, na umwambie aandike pale juu kabisa kwamba 1 ni bora sana na 6 ni kufeli, isiwe maelezo ya mdomo. Hapo atasoma mwalimu mwingine, na ofisa elimu, na mtu wa bodingi, wote hutakuwepo kuwaeleza.

Kuhusu darasa, kosa liko hapo. Mtoto wa miaka 13 aliyekuwa anafanya aljebra umemkalisha na watoto wanaozidisha sehemu, ataongea nini? Kiswahili kimpungukie ndiyo, lakini ni somo moja. Tafuta inglishi midiamu, Januari aingie darasa la saba, Kiingereza kule lazima alishaanza. Mtihani Septemba atafanya masomo mengine kwa Kiingereza na Kiswahili kitabaki kimoja cha kukimbizana nacho kwa tuisheni. Zile shule za kimataifa za pale Moshi zisahau, ada yake mshahara wa mchungaji hauigusi. Na watu watakuambia nenda NECTA, NECTA wanalinganisha vyeti vya waliomaliza sekondari nje, huyu hajamaliza kitu bado, kwa hiyo mwanzo wako ni shule yenyewe na ofisi ya elimu ya halmashauri.

Methali usimpe kitabu. Mpeleke kwa bibi yake akamsaidie kumenya ndizi. Atazipata zote hadi zile mbaya.

ng'ambo_ya_Ruvuma:

Sisi tulitumwa upande wa pili, kusini. Tulikuwa Mocímboa da Praia, Cabo Delgado, Msumbiji. Watu wa kule Kimwani chao na Kiswahili ni ndugu, kwa hiyo watoto wangu hawakupotea lugha, na hakuna mtu aliyetegemea tumerudi na hela maana kila mtu alijua tulikokuwa ni kama nyumbani au chini yake. Lakini Oktoba 2017 wale wanamgambo walipovamia mji tulitoka na nguo za mwilini, tukavuka tukafika Mtwara. Jumapili iliyofuata mke wangu akaombwa atoe ushuhuda jinsi Bwana alivyotenda. Akatoa. Alipokaa chini alikuwa anatetemeka na watu wakaimba pambio.

Mwisho wa mwaka baruti zilipopigwa mtoto wangu wa pili, miaka 7, hatukumwona nusu saa. Alikuwa chini ya kitanda na viatu amevaa.

Kilichotusaidia ni mama mmoja nesi mstaafu. Hakuwa na cheo chochote kanisani. Alikuja nyumbani siku mbili mfululizo na daftari, akasema simulieni tangu mlipofunga mizigo ya kwenda, msiruke kitu, na watoto nao waseme ya kwao. Tulisimulia hadi paka tuliyemwacha. Mwanangu mkubwa akatoboa kwamba alikuwa na rafiki yake pale na hajui kama yuko hai. Sisi wazazi tulikuwa hatujui hata jina la huyo rafiki. Kwa hiyo mama, swali langu ni dogo: binti yako aliagana na nani? Alipewa nafasi ya kuaga au alitolewa shuleni kukiwa na likizo ya kiangazi wenzake wametawanyika?

Likizo mume aombe. Asiseme nimechoka, aseme familia inahitaji wiki nne. Sisi tulianza kazi mwezi uleule na mwaka uliofuata nililazwa na presha nikiwa na miaka 39.

mtoto_wa_Iramba:

Mama, shikamoo kama umri wako unanizidi, kama sivyo basi tusalimiane tu. Mimi ni Mmarekani, naishi Minnesota, lakini nimekulia Iramba mkoa wa Singida ambako wazazi wangu walifanya kazi ya hospitali ya misheni, na baadaye nikasoma bodingi Kijabe, Kenya, kwenye ile shule ya watoto wa wamisionari iliyoanza 1906. Kiswahili changu ni cha kijijini, mtanivumilia.

Nilikuwa na miaka 15 tuliporudi "nyumbani" mwaka 1983. Naweka alama hizo kwa sababu ilikuwa nyumbani kwa wazazi wangu. Kabla ya hapo tulikuwa tukija likizo kila baada ya miaka minne, mwaka mzima tunazungushwa kanisa kwa kanisa na mashine ya slaidi, mama anatuvalisha kanga mimi na dada yangu tunaimba pambio mbele ya watu kisha tunapewa keki. Wakati ule sikujua kwamba naonyeshwa kama twiga. Tuliporudi moja kwa moja hakuna aliyetaka wimbo tena. Asubuhi ya kwanza nilimsalimu mzee wa jirani, akanijibu neno moja akaendelea na theluji yake. Nikabaki nimesimama. Nilikuwa nasubiri aniulize habari za nyumbani, habari za ng'ombe, za shamba. Nilisimama pale kwenye baridi mpaka mama akaniita ndani.

Kwa hiyo nafikiri namjua binti yako kidogo. Yeye hajakataa kuongea. Hana mtu wa kuongea naye mambo ya kule kwa lugha ya kule, na ile lugha ikimtoka anachekwa. Tafadhali msikikataze Kijerumani. Baba yangu alikuwa na busara moja: Jumapili jioni nyumba yetu Minnesota ilikuwa ya Kiswahili, tunapika ugali wa ule unga wa njano, haunogi hata kidogo, tunasema tunachotaka. Tulilia sana mezani pale, tulicheka pia. Nina miaka 56 na dada yangu akinipigia simu hadi leo hatuongei Kiingereza.

Kuna wataalamu walishaandika haya. Mama mmoja wa Marekani, Ruth Useem, ndiye aliyewapa watoto hawa jina la watoto wa utamaduni wa tatu tangu miaka ya 1950, maana wa kwanza ni wa wazazi, wa pili ni wa ugenini, na wa tatu ni ule wa katikati wanaojitengenezea. Nilipolisikia jina hilo nilikuwa chuo, nilitoka darasani nikaenda kukaa chooni.

Mzee_Kahawa:

Nimesoma wote. Mimi ni wa Old Moshi, mzee wa kanisa kwa miaka mingi, nimekaa kwenye mabaraza ya namna hiyo na karatasi za namna hiyo nimeziandika mimi mwenyewe.

Kule Kidia wazee bado wanamtaja mmisionari Gutmann. Alifika Uchagani 1902, akafukuzwa 1920 baada ya vita vya kwanza kwa sababu ni Mjerumani, akaruhusiwa kurudi, akaondoka mara ya mwisho 1938, akafa Ujerumani, jimbo la Bavaria, 1966. Pigeni hesabu. Aliishi kwao miaka 28 baada ya kutuacha, mtu aliyeandika mavitabu makubwa ya sheria na mafundisho ya Wachagga. Sisi tulikuwa tunasema amerudi kwao. Sijawahi kujiuliza alikuwa anaongea na nani huko hadi leo nimesoma uzi wa huyu mama.

Sasa hiyo karatasi. Mchungaji asiikatae na asiikubali. Aipeleke kwa mkuu wa jimbo, iingie kwenye kumbukumbu za kikao kwamba mahitaji ya usharika ni haya na mchango wa kwanza ni wa washarika wenyewe. Marafiki wa kule wakitaka kusaidia, hela ipite kwenye akaunti ya usharika na stakabadhi, isiguse simu yake hata shilingi. Wazee tukiona hakuna njia ya mkato tunanyamaza. Na mahubiri arefushe kidogo jamani, dakika kumi na tano mtu ametembea saa nzima toka mtoni!

Mhasibu_Mstaafu:

Naongezea la pensheni maana watu wengi wanaachia haki yao. Angalia mume amekatwa miezi mingapi. Kwa sisi wa nje ya Ulaya, ikiwa ni chini ya miezi 60, unasubiri miaka miwili tangu utoke Ujerumani halafu unaomba urudishiwe zile ulizokatwa wewe, ya mwajiri hairudi. Ikiwa imefika 60 au zaidi, na miaka 6 ni 72, hazirudishwi lakini HAZIJAPOTEA, akifika umri wao wa kustaafu analipwa pensheni ya kila mwezi akiwa hukuhuku.

Na wewe mama usijisahau. Ulifanya kazi ya kukatwa, na pia kule mzazi anayelea mtoto anaandikiwa miezi ya kulea kama vile alichangia, hadi 36 kwa mtoto, na huyo wa tatu amezaliwa kulekule. Andikia Deutsche Rentenversicherung, ndo mfuko wao wa pensheni, uwaombe karatasi ya historia ya michango ya kila mmoja wenu, yako na ya mume mbalimbali. Usikimbilie kuomba kurudishiwa kabla hujaona imeandikwa miezi mingapi.

mama_wa_watatu:

Nimerudi, ni wiki mbili sasa, asanteni wote hata wewe Kisu.

Ng'ambo ya Ruvuma, swali lako nilimuuliza kesho yake tukiwa tunafua. Aliagana na nani? Hakuaga mtu. Tuliondoka wiki ya pili ya likizo, rafiki yake mkubwa alikuwa kwa bibi yake kaskazini baharini, wakasema wataonana, hawakuonana. Mimi nilikuwa nahangaika na kontena sikujua. Alilia mpaka akatapika. Usiku ule tukapiga simu ya video, mtandao unakatakata, wakaongea dakika arobaini, bando la wiki limekwisha na sijali.

Mume ameandika barua ya kuomba wiki nne, amepewa mbili. Karatasi ya spika iko kwa mkuu wa jimbo. Jumatano jioni nyumba yetu ni ya Kijerumani, Jumapili kwa mchungaji haiwezekani. Wifi alikuja Jumatano ya kwanza akakuta, akakaa kimya, akaondoka mapema, hilo bado sijajua nalifanyaje. Shule ya Januari nimeshaona moja, ada inauma ila wanakubali tulipe kidogo kidogo, na mwalimu wa pale alisoma zile alama kwenye tafsiri bila kuniuliza kama mtoto alikuwa mgonjwa.

Ila niliyotaka kuwaambia ni ya jana. Yule wa katikati nimemweleza mashine haipo, ila kuna jamaa wa skrepa anapita na toroli ananunua chupa kwa kilo. Akakubali kwa shingo upande. Jamaa akaja, akatundika gunia kwenye ule mzani wa ndoano, akasoma, akataja kilo. Dada mtu alikuwa amekaa kibarazani na kitabu chake kama kawaida. Nikasikia sauti, nikafikiri ni mtoto wa jirani. "Wewe! Mzani wako hauanzi kwenye sifuri!" Na ile r yake ya kooni vilevile. Akashuka, akamwambia toa gunia, akatoa, mshale ukabaki chini ya sifuri kweli. Akaanza kumpigia hesabu pale chini kwa kijiti, kilo zako siyo hizi, unamwibia mtoto, na Kiswahili kimevunjikavunjika ngeli zote zimelala lakini yanatoka tu kama bomba. Watoto wa nje wakajaa getini. Jamaa anajitetea mzani ni wa bosi.

Ameongeza mia mbili. Sasa wananidai gunia la pili.